Mfu Mwenye Akili Anapokugeuka: Utatuzi wa Matatizo kwa Mchawi wa Wafu

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambamo mchawi wa wafu huinua maiti zimtumikie, zombi hana makuu. Ukimwambia simama, anasimama mpaka kesho. Tabu huanza mhusika wako anapopanda ngazi, ukaacha zombi na mifupa ukaanza kuinua wafu wenye akili kama ghuli, ghasti na waiti, au ukajaribu kumtia mkononi mfu mkubwa aliyekuwa na mipango yake kabla mhusika wako hajazaliwa. Hapo ndipo kwenye meza zetu hapa Tanga husikika maneno yaleyale: "Amenigeuka!" "Mbona hanisikii?" "Kafanya nilivyosema, lakini katuponza sote." Anayelaumiwa huwa msimamizi wa mchezo, yaani anayeendesha hadithi na kuwachezesha wafu, na asipokuwa yeye, ni dadu.

Dadu huhusika mara chache kuliko tunavyodhani. Mara nyingi muda umekwisha bila mchezaji kujua, au nafasi za uchawi, yaani mara chache unazoruhusiwa kufanya uchawi kwa siku, hazikutosha, au mchezaji hakujiuliza hata siku moja mtumishi wake anataka nini. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu michezo mingi mizuri. Sheria zinakupa utii wa mfu, lakini nia yake inabaki yake mwenyewe. Mfu mwenye akili anaweza kukutii kwa kila neno na bado akawa anakusubiri ukosee.

Ninazungumzia Dungeons & Dragons toleo la tano, kwa vitabu vya mwaka 2014, kwa sababu ndivyo vinavyotumika zaidi mezani kwetu. Kitabu kipya cha wachezaji cha 2024 hakina tawi la mchawi wa wafu kati ya matawi yake manne ya wachawi, hivyo wanaolipenda wanaendelea kulichukua la 2014.

Dalili: nimemwinua kwa gharama zote, na hakunitii hata dakika moja

Anza hapa, maana tatizo hili huwapata wanaosoma vitabu kwenye simu. Faili hupita mkono kwa mkono, na unaweza kukuta mmoja ana toleo la tano na jirani yake ana 3.5 la mwaka 2003, na wote wanadhani wanasoma kitu kimoja. Jina la uchawi ni lilelile, kanuni ni nyingine kabisa.

Katika 3.5, uchawi wa Create Undead unaumba mfu tu. Haukupi mamlaka yoyote juu yake, inabidi umtafutie utii kwa njia nyingine. Uchawi wa Command Undead wa toleo hilo unamfanya mfu mwenye akili akuone kama rafiki, lakini ukitaka afanye jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya, ni lazima umshinde kwa kupima Haiba (alama ya mvuto wa mhusika) yako na yake, na ukishindwa hakuna kurudia. Amri ya kujiangamiza hataitii kabisa. Zaidi ya hapo, wewe au wenzako mkifanya kitendo kinachomtishia, uchawi unavunjika.

Katika toleo la tano, Create Undead inakupa utii papo hapo kwa saa 24. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye malalamiko ni hili: umesoma wapi? Kubalianeni toleo moja mezani, kisha endeleeni.

Dalili: jana alinitii, leo usiku amenirukia

Chanzo ni saa. Animate Dead ya kuinua zombi na mifupa, ya ngazi ya 3, na Create Undead, ya ngazi ya 6 (ngazi ya uchawi si ngazi ya mhusika), zote zinashikilia kwa saa 24, na ili kuongeza muda lazima uufanye uchawi tena kabla saa hizo hazijaisha. Ukichelewa dakika moja, mfu wako yuko huru. Zombi aliyeachiwa ni hatari ndogo. Ghuli aliyeachiwa anakumbuka uso wako, sauti yako na mahali unapolala.

Wengi wanalijua hilo. Wanachokisahau ni kwamba Create Undead hufanyika usiku tu, na sharti hilo linatengeneza mtego.

Tuseme uliinua ghuli watatu saa moja usiku, giza lilipoingia tu. Muda wao utaisha kesho saa moja usiku, nawe unatakiwa uufanye uchawi kabla ya hapo. Lakini kabla ya hapo ni mchana, na mchana uchawi huu haufanyiki. Umejifungia mlango mwenyewe. Hata ukianza saa tano usiku, kesho utaongeza muda saa nne na nusu, keshokutwa saa nne, na kila siku unasogea nyuma kidogo kuelekea magharibi, mpaka siku unayofika ukutani.

Dawa yake ni kuufanya uchawi mwishoni mwa usiku. Lala saa mbili usiku, upate mapumziko yako marefu ya saa nane na nafasi zako za uchawi zirudi, uamke saa kumi alfajiri, na uufanye uchawi hapo hapo kabla hakujapambazuka. Muda utaisha kesho alfajiri, na una usiku mzima mbele yako wa kuongeza. Ukiona siku zimekusogeza nyuma mno, tumia usiku mmoja kufanya mara mbili, jioni na alfajiri, urudi ulipokuwa. Sisi huku, nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, usiku wetu ni wa saa kama 12 mwaka mzima, na tunahesabu hivyo bila kufikiri. Dunia ya mchezo inaweza kuwa na majira ya joto ambayo usiku wake ni saa chache tu. Muulize msimamizi mapema usiku wa nchi yenu ni wa saa ngapi.

Kuna na hesabu ya nafasi. Kwa nafasi ya ngazi ya 6 unaongeza muda wa ghuli wasiozidi watatu. Ngazi ya 7 ni ghuli wanne. Ngazi ya 8 ni ghuli watano, au ghasti wawili, au waiti wawili. Ngazi ya 9 ni ghuli sita, au ghasti watatu, au waiti watatu, au mumia wawili. Sasa angalia mchawi wa ngazi ya 15: ana nafasi moja tu ya ngazi ya 8 kwa siku. Akiwa na waiti wawili, nafasi hiyo si yake tena, ni ya waiti. Siku atakayoitumia kwa jambo lingine vitani, hata kama ni kuokoa kundi zima, waiti wawili wataamka huru. Mchezaji asiyeikubali gharama hiyo abaki na ghuli.

Weka daftari. Andika saa uliyofanya uchawi, nafasi uliyotumia, na amri ya mwisho uliyotoa. Mkisimamisha mchezo kwa swala ya Magharibi au kwa sababu umeme umekatika, msimamizi aandike saa ya ndani ya mchezo kabla watu hawajainuka. Ugomvi mwingi wa "muda ulikuwa bado" huzaliwa kwenye mapumziko hayo.

Dalili: amri haimfiki

Pima umbali. Kwa Animate Dead ni futi 60, yaani kama mita 18. Kwa Create Undead ni futi 120, kama mita 36. Amri inapita akilini na inatumia tendo lako la ziada katika zamu. Ukiwa na wengi unaweza kuwaamuru wote pamoja, ila lazima iwe amri ileile. Usipotoa amri yoyote, watajilinda tu dhidi ya wanaowashambulia. Amri ya awali haifi ukitoka nje ya umbali huo: mfu anaendelea nayo mpaka kazi iishe. Ndiyo maana amri ya kwanza ina uzito kuliko zinazofuata.

Dalili: ametii, lakini ametuponza

Tukae hapa, kwa sababu hapa ndipo akili ya mfu inapojitokeza.

Mchezaji anamwambia ghuli: "Linda mlango huu, asipite mtu." Anaondoka. Akirudi anamkuta mjumbe waliyekuwa wakimsubiri ameliwa, pamoja na barua aliyoibeba imelowa damu isiyosomeka. Mchezaji anakasirika. Lakini ghuli ametii. Hakupita mtu.

Mifupa ingeweza kufanya kosa hilohilo kwa sababu haijui kingine. Alama yake ya Akili ni 6, inaelewa lugha iliyoijua enzi za uhai, na basi. Ghuli ana 7, ukitazama tarakimu utadhani ni ndugu yake, ila ghuli anazungumza na ana njaa. Ghasti ana 11 na waiti ana 10, hiyo ni akili ya mtu wa kawaida mtaani. Hawa wanapotii neno kwa neno, wamechagua kutii neno kwa neno. Amri yako ina mwanya, nao wanapita kwenye mwanya unaoelekea wanakotaka.

Basi jiulize kabla ya kusema: huyu anataka nini? Ghuli anataka nyama. Ghasti anataka nyama pia, lakini ana ujanja wa kungoja na kuongoza ghuli wengine. Waiti anataka vita na kila kilicho hai. Vampaya anataka kurudishiwa alichokuwa nacho, na heshima. Ukishajua hilo, chukua amri yako uisome kwa macho yake, utafute mwanya ulipo. Kwa ghuli mlangoni, mwanya ulikuwa kwamba hukusema amfanye nini atakayekuja.

Amri nzuri inasema nani, mpaka wapi, mpaka lini, na kitu gani ni mwiko. Jaribu hivi: "Kaa nyuma ya mlango huu mpaka nirudi au mpaka jua lichomoze. Akija mtu yeyote, gonga ukuta mara tatu na umzibe njia kwa mwili wako. Usimguse kwa makucha wala meno, awe hai au mfu. Akikupiga, rudi nyuma mpaka chumba cha ndani." Ni ndefu, ndiyo. Iandike kwenye daftari mara moja na uitumie kila siku, msimamizi hatakudai uisome yote kila zamu.

Jambo la pili ambalo wachezaji wengi hulipuuza: mhoji. Ghuli anazungumza. Kila jioni mwite, muulize ameona nini, nani amemsemesha, na angependa kufanya nini kama usingekuwepo. Msimamizi mwenye moyo wa mchezo atakupa majibu ya thamani, na nimeona mfu wa kulindia mlango akigeuka kuwa mhusika ambaye meza nzima inamsubiri aseme. Tena mpe posho. Hakuna kanuni inayokulazimisha kumlisha ghuli, lakini mzoga wa mbuzi kila baada ya kazi unampunguzia msimamizi sababu ya kutafuta mianya, na unaipa njaa ya ghuli mahali pa kwenda.

Ikiwa msimamizi anaigeuza kila amri, hata iliyo wazi kabisa, hapo tatizo limehama kutoka kwa mfu. Kaeni nje ya mchezo mkubaliane: mfu atatafuta mwanya pale tu amri inapokuwa na mwanya, na pale tu mwanya unapompa anachokitaka. Nje ya hapo, anatii. Bila makubaliano hayo, nafasi zako za uchawi zinakwenda bure na hakuna atakayetaka tena kucheza mchawi wa wafu mezani kwenu.

Dalili: waiti wangu ana jeshi, na jeshi si langu

Binadamu anayeuawa na waiti kwa uwezo wake wa kunyonya uhai anainuka baada ya saa 24 akiwa zombi, chini ya mamlaka ya waiti. Anaweza kuwa nao hadi 12 kwa wakati mmoja. Soma tena: chini ya mamlaka ya waiti. Wewe unamwamuru waiti, waiti anawaamuru zombi. Siku muda wako ukiisha unakabiliana na waiti pamoja na zombi 12 waliokuwa wakilala kambini kwako. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wachezaji hufurahia jeshi la bure na hawaoni kwamba waiti ndiye aliyefurahi zaidi. Mwekee mwiko wa kudumu asimalize mtu kwa kunyonya uhai, atumie upanga au upinde wake. Ikiwa ameshafanya, mna saa 24: ukiiharibu maiti kabla hajainuka, hainuki. Wakiwa wameshainuka, usiwaache karibu na waiti wakati wa kuongeza muda. Waamrishwe kupitia kwake wakae shimoni au nyuma ya lango lililofungwa, kisha ndipo uufanye uchawi.

Dalili: nilimnasa vampaya, hakumaliza hata saa

Hapa dadu wanahusika kweli, na hesabu inafaa ifanywe kabla hujajaribu.

Mchawi wa wafu anapofika ngazi ya 14 anapata uwezo unaoitwa pia Command Undead. Analenga mfu mmoja anayemwona ndani ya futi 60, naye anarusha dadu ya kujikinga kwa Haiba. Akishindwa, anakuwa rafiki yako na anakutii mpaka utakapoutumia uwezo huu tena. Akishinda, hutaweza kuujaribu juu yake tena maisha yote. Mwenye Akili 8 au zaidi anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Mwenye Akili 12 au zaidi, hata akishindwa, anarudia kila mwisho wa saa moja mpaka ajinasue.

Mhusika mwenye Akili 20 katika ngazi hiyo ana kizingiti cha 18, yaani dadu ya pande 20 ya mfu, pamoja na nyongeza yake, lazima ifike 18 ili ajikinge. Vampaya anaongeza 9 kwenye dadu yake na anarusha mbili, hivyo uwezekano wa kumnasa ni asilimia 16. Na hata hapo ana uwezo wa kuamua tu kwamba ameshinda, mara tatu kwa siku. Ukipita vikwazo vyote hivyo, Akili yake ni 17, kwa hiyo kila saa anarudia. Kumtegemea vampaya kwa njia hii ni kujichosha.

Tafuta aliye katikati: Akili kati ya 8 na 11. Huyo anakupa ugumu mara moja tu, na akishanaswa hana nafasi ya kila saa. Waiti anaongeza 2, unamnasa kwa asilimia 56. Na zawadi kubwa kuliko zote imejificha kwa bwana wa mumia, ambaye Akili yake ni 11. Anaongeza 8 na uwezekano ni asilimia 20 tu, lakini hana ule uwezo wa kuamua kushinda, na akikubali mara moja ni wako bila saa inayohesabu. Linganisha na kivuli kinachoitwa wraith, chenye Akili 12: unamnasa kirahisi kama waiti, ila kila saa ana asilimia 44 za kukuponyoka. Pointi moja ya Akili inaleta tofauti hiyo yote.

Makosa mawili ya hapa hujirudia. Mchezaji anamnasa wa pili akasahau kwamba wa kwanza anaachiliwa papo hapo, akiwa amesimama ubavuni mwake. Au anasahau kwamba mfu amekuwa rafiki *yake*, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba wenzake wa kundi ni marafiki pia. Toa amri kuhusu wenzako katika zamu ileile. Maelezo ya uwezo huu pia hayataji amri za kupita akilini, kwa hiyo mwulize msimamizi mapema kama mfu lazima akusikie na aielewe lugha yako.

Dalili ndogo ndogo

Kuhani wenu akiinua alama yake ya dini kuwafukuza wafu wa adui, na wa kwenu watakimbia, kwani uwezo wake haubagui walio ndani ya futi 30. Apeane ishara na wewe kwanza. Wenzako wakianza kutapika karibu na ghasti, ni harufu yake: awe zaidi ya futi 5 kutoka kwao. Waiti akikosa kila shabaha mchana, ni jua.

Dalili: wafu wako sawa, aliyenyamaza ni mchezaji

Hili halimo kwenye vitabu vya Marekani, kwetu limo. Wengi wetu tumekua tukisikia habari za misukule, watu waliozikwa kumbe wanalimishwa mashamba usiku. Mchezaji aliyekuwa akicheka anaweza kunyamaza ghafla pale maiti inapoinuliwa mezani, na si mwoga. Kwake jambo hilo lina jina la jirani au ndugu.

Uliza kabla mchezo haujaanza, tena mmoja mmoja, si mbele ya wote. Usimwite mtumishi wako msukule. Usitumie dua wala aya yoyote ya kweli kama pambo la uchawi. Msiweke matukio kwenye Mapango ya Amboni, ambako watu hupeleka sadaka zao, wala kwenye makaburi ya Tongoni, ambayo ni makaburi ya watu. Tungeni bandari yenu, yenye makaburi yenu ya kubuni. Na akiwepo asiyetaka kabisa, anayecheza mchawi wa wafu abadilishe mhusika. Kwangu hili halina mjadala.

Ukijua hutaweza kuongeza muda

Nafasi zimeisha, mmejeruhiwa, na ghuli wamebakiza saa tatu. Usingoje. Toa amri ya mwisho ukiwa bado na mamlaka: washuke shimoni au waingie chumba chenye mlango wa chuma, walale kifudifudi na wasiinuke hata wakisikia sauti yako. Funga. Hesabu vichwa kabla ya kufunga, kwa sababu mwenye akili kuliko wenzake ndiye atakayekuwa ametumwa mahali na amri ya asubuhi ambayo hukuifuta. Ikiwa mnaweza kuwamaliza, wamalizeni wangali wamelala, mkianza na ghasti. Ikiwa hamwezi, ondokeni kuelekea upande ambao hamkuutaja hata mara moja mbele yao.